Majani Yapimwe, Sindano Isiachwe

Wapo wagonjwa wa kisukari, huku Rujewa kama huko Unguja na Pemba, wachemshao majani ya mwarobaini na mlonge. Hatuwacheki. Kidonge cha metformin kitolewacho hospitalini, chimbuko lake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Lakini dutu ya mmea ule ilikuwa na sumu. Ilibidi wataalamu waunde nyingine ya jamii yake iliyo salama, ikaanza kutumika Ufaransa mwaka 1957.

Jani kushusha sukari ya panya, au kukinga chembe za mwili zisiharibike, ni habari njema ya maabara, wala si kipimo cha mgonjwa. Mwenye kuhitaji insulini akiiacha kwa ajili ya kikombe, kama ilivyohofiwa mwaka 2011 maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, aweza kufa katika siku chache. Achanganyaye majani na vidonge, sukari yake yaweza kushuka mno.

Muhimbili imekuwa ikitafiti dawa za asili tangu 1974, na sheria ya 2002 inawatambua waganga. Basi wakuu wa afya, Bara na Visiwani, wawafikishie waganga matokeo ya utafiti kwa Kiswahili, na kila zahanati imwulize mgonjwa, bila kumkaripia, anakunywa majani gani.