Neno la Mhariri: Mwalimu Atangulie Mashine

Toleo hili tumeliweka wakfu kwa tabibu wa watoto mahututi, yaani daktari bingwa ambaye kazi yake ni kusimama baina ya mtoto na mauti katika saa zile chache ambazo pumzi inakatika, damu haifiki viungoni, na degedege halikomi; na katika sifa zote zinazomstahiki mtu wa namna hii tumechagua kuitukuza moja ambayo aghalabu haitajwi, nayo ni ualimu wake. Dai letu ni kwamba tabibu aliyewafundisha wenziwe ameokoa watoto wengi kuliko ambao angaliweza kuwaokoa kwa mikono yake miwili, na kwamba nchi yoyote itakayo kupunguza vifo vya watoto wake haina budi kumtanguliza mwalimu, mashine ikafuata nyuma yake.

Twasema hivi tukijua kuwa mazoea ya zama zetu ni kinyume chake. Hospitali inapopata msaada, kinachopigwa picha na kukatiwa utepe ni mashine ya kupumulia. Ni nadra utepe kukatwa kwa ajili ya muuguzi aliyefundishwa kumtambua mtoto anayekaribia kuzidiwa kabla hajazidiwa. Walakini tarehe ya fani hii yenyewe yashuhudia kwamba tiba ya mahututi haikuanza kwa mashine. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, huko Denimaki, uliingiwa na maradhi ya polio, na wagonjwa waliopooza misuli ya kupumulia wakawa wengi kuliko vyombo vichache vilivyokuwamo katika hospitali ya Blegdam, hata wengi wa waliofikia hali ile wakawa wanafariki. Mwezi wa Agosti daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, aliagiza msichana wa miaka 12 atobolewe njia ya hewa kooni, kisha akampumulisha kwa kuminya mfuko wa mpira kwa mkono, na msichana akaishi. Lakini mkono wa mtu mmoja hautoshi mji mzima. Basi wakaitwa wanafunzi wapatao 1,500, wakaonyeshwa namna ya kuminya mifuko ile, wakapeana zamu usiku na mchana kwa miezi, na vifo, ambavyo mwanzoni vilizidi 80 katika kila wagonjwa 100 wa aina hiyo, vikashuka chini ya nusu. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua wodi maalumu ya wagonjwa mahututi, na mfano wake ukaenea ulimwenguni. Hivyo fani hii ilizaliwa mikononi mwa watu waliofundishwa.

Ushahidi wa siku zetu ni wa yakini zaidi. Mohammod Jobayer Chisti, tabibu wa Bangladesh, alipokuwa daktari mchanga huko Sylhet mwaka 1996 aliwaona watoto watatu wakifa kwa nimonia katika usiku mmoja, akaazimia kutafuta njia ya kuwanusuru wenziwao. Baadaye, akiwa katika hospitali ya icddr,b mjini Dhaka, alitengeneza chombo kwa chupa ya plastiki ya kutilia shampuu: mtoto huvuta oksijeni kwa mpira wa puani, na hewa aitoayo hupita katika mrija uliozamishwa ndani ya maji ya chupa, na mapovu yake huleta shinikizo linalozuia mapafu yasisinyae. Jarida la Lancet lilipotangaza matokeo yake mwaka 2015, ilidhihirika kuwa katika kila watoto 100 wenye nimonia kali waliotibiwa kwa chombo kile walifariki 4, ilhali katika waliopewa oksijeni kwa njia ya kawaida walifariki 15. Gharama yake ni ndogo mno kuliko ya mashine za kigeni, na walimwengu wakafurahi kwa haki.

Lakini msomaji asiishie hapo. Katika hospitali ya wilaya ya Salima, nchini Malawi, watoto wenye nimonia kali walitibiwa kwa njia ya mapovu iliyo sawa na hiyo, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 yakaja kinyume: waliotibiwa kwa mapovu walifariki 17 katika kila 100, na waliopewa oksijeni ya kawaida walifariki 11. Watoto wa Salima walikuwa na mizigo mingine mizito, virusi vya ukimwi na utapiamlo miongoni mwayo, na wodi yao haikuwa na daktari wa kuwasimamia kila siku. Huko Dhaka matabibu na wauguzi waliozoea kazi ile walikuwa karibu na vitanda mchana na usiku. La hasha, hatusemi kwamba wauguzi wa Salima walifanya taksiri. Twasema kwamba waliachiwa wodi pasipo msaada ambao wenzao wa Dhaka walikuwa nao. Chombo hakijui mtoto gani tumbo lake linajaa hewa, wala yupi amechoka kupumua na yu karibu kukata roho. Ajuaye ni mtu aliyefundishwa, aliye na nafasi ya kumtazama, na aliye na bingwa wa kumwita inapombidi.

Ukitaka kuona ualimu ukitenda kazi hata pasipo mashine, nenda nchi hiyo hiyo ya Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, ambako daktari wa watoto Elizabeth Molyneux na wenzake waliupanga upya ukumbi wa kuwapokelea watoto, wakawafundisha wote waliokuwa mlangoni kumtambua papo hapo mtoto wa dharura na kumtibu kwanza, badala ya kumwacha kwenye foleni nyuma ya mwenye mafua. Ripoti yao ya mwaka 2006 yaeleza kuwa vifo vya watoto waliolazwa, ambavyo hapo kwanza vilikuwa kati ya 10 na 18 katika kila 100, vilishuka hadi kati ya 6 na 8. Mafunzo ya namna hiyo ndiyo yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2005 kwa jina la ETAT, na nchini Kenya daktari wa watoto Mike English na wenzake wakayapanua yakaitwa ETAT+, yakafundishwa kwa madaktari, matabibu wa wilaya, na wauguzi pamoja.

Asidhani mtu kwamba kufundisha huku ni kubeba elimu ya nchi tajiri na kuimimina katika nchi maskini. Kwa miaka mingi vitabu viliamuru kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu haifiki vyema viungoni atiwe maji mengi mshipani kwa haraka, na amri ile haikupata kujaribiwa ipasavyo mpaka mtafiti Kathryn Maitland wa Kilifi, nchini Kenya, na wenzake, wakiwamo matabibu wa Kenya, Uganda na Tanzania, walipoijaribu katika hospitali za Kilifi, Muheza, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor, kwa watoto 3,141, wale wenye kuhara na utapiamlo mkali wakiachwa kando. Utafiti huo, uitwao FEAST, ulitangazwa mwaka 2011: waliomiminiwa maji kwa haraka walifariki zaidi ya 10 katika kila 100 ndani ya saa 48, na waliotiwa maji polepole walifariki 7. Na jambo la kuzingatiwa sana ni kwamba vifo kwa jumla vilikuwa vichache kuliko watafiti walivyokadiria, na wafanyakazi wa hospitali zile walikuwa wamefundishwa kwanza huduma ya dharura. Tabibu aendaye ng'ambo kufundisha, ikiwa hana adabu ya kuyajaribu ayafundishayo mbele ya wagonjwa wa mahali pale, huenda akafundisha kosa kwa juhudi na ikhlasi.

Heri ni kwamba malezi ya mabingwa sasa yanafanyika barani mwetu. Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na Hospitali ya Watoto ya Red Cross War Memorial, kimekuwa kikipokea matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, ambao wakihitimu hurejea makwao kufungua wodi na kulea wanafunzi wao. Na Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina mafunzo ya ubingwa wa dharura na tiba mahututi ya watoto. Huu ndio mwendo tunaoupendelea, kwa sababu bingwa mmoja arudiye nyumbani ni chemchemi, ilhali mgeni wa majuma mawili, ajapokuwa hodari, ni manyunyu.

Hata hivyo mwalimu wa namna hii bado hathaminiwi inavyostahiki. Vyuo vingi humpandisha cheo tabibu kwa makala alizochapisha, na saa alizokaa kando ya kitanda akimwelekeza muuguzi mgeni kusoma pumzi za mtoto hazina safu katika fomu yoyote. Kisha muuguzi huyo, akiisha kuiva, huhamishwa wodi ya macho au ya mifupa kwa barua ya mstari mmoja, na elimu yote ikapotea bure.

Kwa hiyo twatoa maombi matatu, nayo twayaelekeza kwa wenye mamlaka bila kificho. Wizara za afya zisimhamishe muuguzi aliyefunzwa kuwatunza watoto mahututi ila kwa sababu ya haja. Vyuo vikuu viuhesabu ualimu wa wodini katika kupandisha vyeo, sawa na utafiti. Na wahisani, kila watoapo fedha za mashine, watoe pia za mwalimu atakayekaa nayo miaka, za fundi wa kuitengeneza, na za oksijeni ya kuiendesha. Wasipoweza yote, basi wamlipe mwalimu, na mashine ingoje. Nawe daktari kijana usomaye kurasa hizi, uliye na kipaji cha kuokoa, usione haya kukitumia kipaji hicho katika kufundisha: watakaopona kwa mikono ya wanafunzi wako ni wengi kuliko utakaopata kuwaona.