Binti Anapofika Mlangoni Petu

Wapo Wakristo wenzetu ambao wakisikia habari za kliniki inayoendeshwa na wanawake kwa ajili ya wanawake, isiyotafuta faida wala kuwa chini ya serikali au dhehebu, husema upesi: huo ni uasi wa Kizungu. Mimi nauliza: kwa nini mwanamke atafute mlango mwingine ikiwa mlango wa kanisa uko wazi?

Mwaka 1971 wanawake wa Los Angeles, Marekani, walianza kukutana ili wajifunze habari za miili yao, kisha wakafungua kliniki zao. Walikuwa wamechoka na madaktari wasiowasikiliza. Hatukubaliani nao katika yote. Kuhusu kutoa mimba kanisa lina msimamo wake, na sheria ya Tanzania inakataza isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Lakini kilio cha kusikilizwa kipo hata kwetu.

Karagwe na Kyerwa hatuna udhuru. Hospitali za Nyakahanga, Nyakaiga na Isingiro ni matunda ya makanisa, na wengi wetu tumezaliwa humo. Tunamshukuru Mungu. Ila kuwa na majengo ni jambo moja, na kumpokea mtu ni jambo jingine. Chukua binti wa miaka 16 wa Murongo, kule mpakani na Uganda. Anakwenda zahanati kuuliza juu ya hedhi, uzazi wa mpango au ugonjwa wa zinaa. Mhudumu anamfahamu mama yake, na swali la kwanza ni, "Umeolewa?" Binti anageuka. Kesho yake atapewa mitishamba gizani, na akianza kutokwa damu ataogopa kurudi.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kupata mimba. Wengi wao huimba katika kwaya zetu. Binti akishika mimba tunamzuia meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya usharika na kurudi kundini. Kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga kinanda. Mwaka 2021 serikali iliruhusu aliyejifungua arudi shuleni. Je, darasa liwe na huruma kuliko madhabahu?

Wengine hujibu kwamba mafundisho na usiri vitafungulia uzinzi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama ukimya ungezuia mimba. Shangazi aliyewafunda wasichana zamani hayupo tena. Simu imeshika nafasi yake, nasi bado tunanyamaza.

Shifra na Pua walikuwa wakunga, wakamcha Mungu kuliko Farao. Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 Yesu hakumhoji habari za ndoa, alimwita binti.

Basi kila hospitali na zahanati ya kanisa itenge chumba na siku, pamoja na muuguzi mwanamke anayejua kutunza siri. Anayekuja akitokwa damu atibiwe kwanza, maswali baadaye. Na wanawake wakae katika bodi wakiwa na kura, si kupika chai ya wajumbe. Tukikataa hayo, wanawake wajenge kliniki zao, nasi tusithubutu kuwahukumu.