Mchezo Wenye Maswali

Shule zifungwapo, akina mama hutulalamikia kwamba watoto hawabanduki kwenye simu. Kukataza pekee hakutoshi; mtoto apewe mchezo ulio mkubwa kuliko simu. Mchezo si adui wa elimu wala wa dini. Siku ya Idi, Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini Madina, naye Mtume (s.a.w.) akamwacha Bi Aisha (r.a.) atazame hata akatosheka.

Wenye jamaa Migori na Homa Bay wana uwanja ulio tayari. Migori iko Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yakadiriwayo kujengwa karne ya 16, yaliyotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Wagawanyeni watoto makundi, wasichana na wavulana sawia, kila kundi na maswali yake. Ukuta una kimo gani? Kwa nini mlango ni finyu? Mawe yasimamaje bila saruji wala udongo? Wapime kwa hatua, wabishane, ndipo wamwulize mwongozaji. Kuta nyingine ni ndefu sana, na mtoto aliyejipima kando yake hasahau.

Homa Bay, karibu na Kendu Bay, liko ziwa la Simbi Nyaima. Wenyeji husimulia kwamba kijiji kilizama hapo baada ya watu kumfukuza bi kizee aliyekuja mgeni. Wataalamu husema ni shimo la volkano. Kundi moja limtafute mzee wa kusimulia kisa. Jingine lichunguze kwa nini maji yale ya magadi hayanyweki. Kisha wakutane, kila mmoja amfunze mwenziwe. Hapo mtoto wa Pwani hujifunza kuamkia na kusikiliza mkubwa asiye wa kabila lake, somo ambalo ubao wa darasa hauwezi kulitoa.

Lakini pana sharti. Asipande mtu ukutani, wala asing'oe jiwe. Pale kila jiwe limeshikwa na jirani yake. Likitoka moja, mengine hulegea, na kazi ya karne huharibika kwa alasiri moja. Basi mshindi asiwe aliyetangulia kufika, bali kundi lililojibu vyema bila kuacha alama. Adhuhuri ikiingia, mchezo usimame, watu waswali.

Nanyi wazazi msikae kivulini mkitazama. Ingieni kundini, mwulize na kuulizwa. Wabillahi tawfiq.