Maoni: Mwenye deni asitozwe faini kwa siku moja ya Excel

Mwaka 2028 utakuwa na siku 366. Katibu wa AVEC anayeandika mikopo ndani ya Excel, na kuongeza tu 365 juu ya tarehe ya mkopo, atakosea. Mama atakayekopa tarehe 1 mwezi wa tatu 2027 kwa mwaka mmoja anapaswa kurudisha pesa tarehe 1 mwezi wa tatu 2028. Lakini mashini itaonyesha tarehe 29 mwezi wa pili. Akileta franka zake siku waliyopatana, jina lake litakuwa tayari kati ya waliochelewa.

Wengine watasema siku moja si kitu. Kwa mtu anayetozwa faini mbele ya wenzake, ni kitu kikubwa.

Dawa ipo. Katika Excel ya Kifaransa, fomula =MOIS.DECALER(A2;12) inahesabu miezi, si siku, na hivyo inaheshimu kalenda.

Linabaki jambo moja ambalo mashini haiwezi kuamulia watu: mkopo utakaotolewa tarehe 29 mwezi wa pili 2028. Fomula hiyo itasema 28 mwezi wa pili 2029. Nyingine, =DATE(ANNEE(A2)+1;MOIS(A2);JOUR(A2)), itasema 1 mwezi wa tatu. Hakuna iliyoharibika. Kwa hiyo wanachama wenyewe, si katibu peke yake, ndio wanapaswa kuchagua, na kuandika uamuzi huo katika sheria ya kikundi kabla pesa hazijatoka sandukuni.