Vijana na Hadithi za Mizimu

Vijana wetu wanapenda hadithi za mizimu na majini katika miji ya kale. Wako wazee wasemao kuwa zinakuza ushirikina, heri zipigwe marufuku. Sisi hatuafikiani nao.

Ubaya haumo katika hadithi, umo katika mafunzo yake. Mwaka 1960 kilitolewa kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, Mzimu wa Watu wa Kale. Humo mtu anakutwa amekufa penye mzimu, lakini Bwana Msa anachunguza kwa akili na kufichua mkono wa binadamu.

Sasa tuitazame Usambara. Vuga, mji wa kale wa Wakilindi katika milima ya Lushoto, una habari tele. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, asimulia kwamba Mbegha alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia. Jamaa zake wakamwona nuksi, wakamnyima urithi. Akaingia milimani, akawinda nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akaua simba, akatawazwa Vuga.

Je, kijana aliyesoma hayo atathubutu kumwita mtoto mchanga mkosi?

Hivyo twawahimiza waandishi wailete Vuga katika vitabu vya vijana, na walimu wawatume wanafunzi kwa wazee, kalamu mkononi. Wazee hawatungoji. Mali bila daftari hupotea bila habari.