Ukitaka Kuishi Karibu na KIA, Anza na Maji, Siyo Kilometa



Siku hizi kuna swali naulizwa sana ambalo halihusu mbegu wala dawa za wadudu. Mzazi anakuja: "Bwana shamba, kijana wangu amepata kazi uwanja wa ndege, tumtafutie kiwanja upande gani?" Mfanyabiashara wa mboga naye anauliza kama ahamie jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, yaani KIA, ili mzigo wake uwe karibu na ndege. Wengi wanakuja na jibu lao tayari mfukoni. Wanataka sehemu iliyo karibu kabisa na uwanja.

Mimi sikubaliani nao. Kwa mtu mwenye familia, mahali pazuri pa kuishi ni pale penye maji salama, ardhi isiyo na ubishi, na usafiri unaoendana na saa zake za kazi. Fuata mpangilio huo huo. Kilometa zije mwisho.

1. Maji kwanza

KIA ilifunguliwa mwaka 1971 kwenye tambarare iliyo kati ya Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro. Tambarare ile ni kavu, ina upepo na vumbi, na mvua yake haifanani na ya huko juu mlimani. Kwa hiyo maji ya kutosha peke yake ni suala. Lakini liko suala kubwa zaidi: madini ya floraidi.

Upande wa Meru, kuanzia maeneo ya Usa River, Maji ya Chai, Ngurdoto hadi Kikatiti, vyanzo vingi vya maji vina floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Kiwango kinachokubalika kwenye maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi sana kiwango hicho wakati meno yake ya ukubwani yanatengenezwa hubaki na meno ya kahawia maisha yake yote. Ikizidi zaidi na kwa miaka mingi, hata mifupa inaharibika, miguu inapinda. Tatizo hili ni la siku nyingi, ndiyo maana Serikali ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto.

Shika mambo matatu hapa. La kwanza, floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa kawaida huwezi kuitambua kwa kuonja. Maji meupe kama kioo yanaweza kuwa nayo. La pili, kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi inabaki ile ile kwenye maji machache. La tatu, magadi tunayopikia maharage na makande yanaweza kuwa na floraidi pia, kwa hiyo ukiwa eneo lenye tatizo hili, yaache.

Sisemi watu wasiishi Maji ya Chai au Kikatiti. Hali inatofautiana kisima kwa kisima, bomba kwa bomba, na kuna familia nyingi zinaishi vizuri huko. Ninachosema ni hiki: kabla hujatoa hela ya kiwanja, nenda ofisi ya RUWASA ya wilaya au mamlaka ya maji ya eneo hilo, uliza kipimo cha floraidi cha chanzo kinachohudumia mtaa ule. Kama ni kisima cha mtu binafsi, omba kipimo. Hakuna kipimo, usinunue.

Ukiwa umeshanunua, vuna maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, maana hayana floraidi ya kutisha. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye meta moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la meta za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 ni lita 800. Hata ukipoteza sehemu ya tano, unabaki na lita 640. Weka tangi kabla ya masika. Mvua ya kwanza iache isafishe bati.

2. Ardhi isiyo na ubishi

Mgogoro wa mipaka kati ya eneo la uwanja na vijiji vinavyouzunguka, vya Hai na vya Arumeru, umechukua miaka mingi. Kila mtu wa huku anaujua. Kwa hiyo ukisikia kiwanja cha bei ya chini "karibu na geti", jiulize kwanza kwa nini ni cha bei ya chini. Kununua kiwanja cha namna hiyo kwa maneno ya dalali ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Hatua za kufuata ni hizi. Nenda ofisi ya kijiji mwenyewe, bila dalali. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mgeni anayetaka ardhi ya kijiji anahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na karatasi mliyoandikiana wawili chini ya mti haikulindi. Uliza kama muuzaji ana hatimiliki ya kimila. Kisha nenda ofisi ya ardhi ya wilaya, uliza kama eneo lile liko ndani ya mpaka wa uwanja au limepangiwa matumizi mengine. Ongea na majirani wa pande zote nne. Majirani wakisita kujibu, na wewe sita kulipa.

Angalia na njia ya ndege. Barabara ya kurukia ya KIA imelala mashariki na magharibi, hivyo ndege hushuka na kupaa zaidi kwa kufuata mstari huo. Nyumba iliyo kwenye mstari ule itasikia kelele zaidi kuliko iliyo pembeni, kaskazini au kusini. Kuna ndege kubwa zinazotua jioni na usiku, kwa hiyo fikiria usingizi wa mtoto mchanga.

3. Pima kwa saa za zamu na kwa shilingi

Moshi mjini ni kama kilometa 40 kutoka uwanjani, na Arusha mjini ni kama 50. Kwenye ramani si mbali. Tatizo ni kwamba magari ya abiria yanapita barabara kuu, na kutoka njia panda ya KIA hadi jengo la abiria bado una kilometa kadhaa za kuingia ndani. Mchana ni rahisi. Saa saba usiku ni jambo lingine.

Tufanye hesabu ya mfano; weka bei za kwako. Tuseme chumba cha jirani na uwanja ni 70,000 kwa mwezi, bodaboda ya kwenda na kurudi 1,000 kwa siku 24, na maji ya kununua madumu sita kwa siku, kila dumu 500. Hapo ni 70,000 na 24,000 na 90,000, jumla 184,000. Tuseme chumba cha Boma Ng'ombe ni 50,000, nauli 3,000 kwa siku 24 ni 72,000, na bili ya bomba 15,000. Jumla 137,000. Aliye mbali kidogo anabaki na 47,000 mfukoni.

Lakini mfano huo ni wa anayefanya kazi mchana. Kama una zamu kumi za usiku na kila moja inakudai bodaboda ya ziada ya 5,000, ongeza 50,000, inakuwa 187,000, na faida yote imeisha. Ndiyo maana nasema uliza ratiba ya zamu kabla ya kuuliza kodi ya nyumba. Uliza pia kama mwajiri ana gari la kuchukua wafanyakazi na linapita wapi.

4. Kwa mfanyabiashara wa mazao

Kuwa jirani na uwanja hakumleti mnunuzi mlangoni kwako. Mazao mengi ya bustani ya kanda hii yanayosafiri kwa ndege yamekuwa yakipelekwa kwa barabara hadi Nairobi, na parachichi la kwenda nje husafiri zaidi kwa meli. Anayenunua kwa ajili ya nje anaangalia ubora, dawa ulizotumia, na kama una mkataba na ghala la kupozea na kufungashia. Kaa karibu na maji ya kumwagilia na barabara inayopitika masika. Nyanya iliyokauka shambani haitapanda ndege hata kama shamba linapakana na uzio.

Sasa niende wapi?

Ukiwa kijana mmoja, mwenye zamu nyingi za usiku, panga karibu na uwanja, lakini panga tu, usijenge. Ukiwa na watoto na unataka kuku na ng'ombe mmoja wa maziwa, mimi ningeangalia Boma Ng'ombe kuelekea Kwa Sadala. Kuna barabara kuu, soko, huduma za wilaya, na unapanda kidogo tu kuelekea Masama au Machame kupata migomba na majani ya mifugo. Maji uliza huko pia. Huko juu zaidi ni pazuri mno, baridi na kijani, ila vihamba ni mali ya ukoo na haviuzwi ovyo, na usafiri wa usiku ni wa shida. Upande wa Usa River pana shule, ajira za mashamba ya maua na mji unaokua. Nenda, ila na kipimo cha maji mkononi.

Popote utakapochagua, panga kwanza miezi sita, na hakikisha miezi hiyo inagusa kiangazi. Mahali panapopendeza mwezi wa tano mvua ikiwa imekolea panaweza kuwa vumbi tupu na foleni ya madumu mwezi wa tisa. Aliyeishi kiangazi kimoja anajua zaidi ya dalali.

Wiki hii, kabla ya kwenda kuangalia kiwanja chochote, nenda kaulize kipimo cha floraidi cha eneo hilo. Ukikipata, kiandike kwenye daftari pamoja na jina la chanzo, kisha ndipo mzungumze bei.