Kabla hamjahamia Mirihi, njooni kwanza Kanazi

Haya jamani, nimerudi. Nilikuwa kimya kama wiki mbili hivi, mnajua wenyewe mambo ya testi, na bumu nalo limechelewa kama kawaida yake. Leo sina stori za kafeteria. Leo nataka ugomvi.

Kuna hoja imezagaa hapa chuo. Nimeisikia kwenye foleni ya chakula, nimeisikia kwenye majadiliano ya usiku, na juzi nikaisikia tena kwa mshkaji mmoja wa uhandisi ambaye ukimpa nafasi anakuhubiria mpaka jogoo awike. Eti dunia hii imeshachoka, ardhi imekufa, mvua hazieleweki, kwa hiyo akili zote zielekezwe Mirihi, ile sayari nyekundu tuliyokaririshwa kwa jina la Mars kwenye jiografia. Tutaipasha joto, tutaimwagia vijidudu vya kutoa oksijeni, tutapanda miti, halafu wajukuu zetu watalima kule. Ukimwuliza kama kuna chochote kinachoishi kule, au kilichowahi kuishi zamani, anakujibu kirahisi tu: "Hamna kitu kule, jangwa lile."

Mimi napinga yote mawili, la kulima na la jangwa. Na asije mtu akaniambia wewe wa ualimu roketi unazijulia wapi. Roketi sizijui. Nimezaliwa Kanazi, na Kanazi tunajua kitu kinaitwa kibanja.

Wageni wakifika kwetu Bukoba Vijijini wanaona migomba imefunga, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni, wanasema nyie mmebarikiwa rutuba. Rutuba gani? Udongo wetu wa asili ni maskini. Mvua ya upande ule wa ziwani ni nyingi mno, karibu na Bukoba mjini inafika kama milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo imeosha virutubisho ardhini kwa maelfu ya miaka. Ukitaka kuuona udongo wenyewe ulivyo, nenda rweya, zile nyanda za nyasi kati ya kijiji na kijiji. Chomeka mgomba pale, urudi baada ya mwaka uje unisimulie.

Kibanja kimetengenezwa na watu. Vizazi na vizazi walikata nyasi rweya, wakazitandika sakafuni, zikichakaa zinatupwa migombani. Ng'ombe walichungwa rweya mchana, jioni wanarudi nyumbani, samadi inaingia kibanjani. Majivu, maganda ya ndizi, majani makavu ya migomba, vyote humo humo. Kwa maneno mengine kibanja kinakula rweya. Ule weusi unaousifia umelishwa na eneo kubwa kuliko lenyewe, na siku ulishaji ukikoma kibanja kinaanza kufifia. Nyumba ambayo ng'ombe wameisha utaitambua kwa kuangalia mikungu tu. Bibi yangu analijua hilo na hajawahi kukaa kwenye lekcha hata moja.

Na hapo kumbuka hewa tulipewa bure. Mvua bure. Minyoo, bakteria, jua la kadiri, vyote bure! Pamoja na hayo yote kazi imechukua mamia ya miaka na bado haijaisha.

Sasa nenda Mirihi. Mgandamizo wa hewa kule haufiki hata asilimia 1 ya huu wa kwetu, na hewa yenyewe asilimia 95 ni kabonidayoksaidi. Wastani wa baridi ni nyuzi kama 60 chini ya sifuri. Udongo una chumvi za pakloreti ambazo ni sumu kwa binadamu. Sayari nzima haina ngao ya sumaku kama ya dunia, na chombo kinachoitwa MAVEN, kilichofika kule mwaka 2014, kimepima jinsi hewa inavyoendelea kuvuja kwenda angani mpaka leo. Mwaka 2015 Elon Musk alisema kwenye televisheni ya Marekani kwamba njia ya haraka ya kuipasha moto ni kudondosha mabomu ya nyuklia kwenye ncha zake. Watu walicheka wakapiga makofi. Mwaka 2018 wataalamu wawili, Bruce Jakosky na Christopher Edwards, wakakaa chini wakapiga hesabu ya gesi yote inayoweza kukamuliwa kutoka kwenye barafu, udongo na miamba ya kule. Haitoshi. Hata ukiitoa yote inayofikika hupati hewa ya maana, kwa teknolojia tuliyo nayo haiwezekani.

Kwa hiyo namuuliza mshkaji kama Mhaya: rweya ya Mirihi iko wapi? Nyasi utakata wapi? Kama jibu ni kubeba kutoka duniani, basi dunia hii hii uliyosema imechoka ndiyo inageuzwa rweya ya kulisha shamba la matajiri wachache. Hapo ndipo hoja inapoacha kunichekesha.

Tuje kwenye "hamna kitu kule". Tulipokwenda TP nilikuwa nafundisha kidato cha pili kulekule nyumbani, nikawaeleza habari za hii mipango ya kupanda miti Mirihi. Mtoto mmoja wa kike wa nyuma kabisa, mkimya kweli, akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa wakishapanda watajuaje kama walikuta kitu?" Jamani! Nimekaa mwaka wa tatu sasa hapa chuo, sijasikia mtu akiuliza swali zuri kuliko hilo.

Maana uwezekano upo. Gari la NASA la Perseverance lilitua mwaka 2021 kwenye bonde la Jezero, mahali palipokuwa na ziwa na mto ukiingia ndani yake zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Julai 2024 likakuta jiwe lenye madoa kama ya chui, wakaliita Cheyava Falls. Septemba 2025 uchambuzi ukachapishwa katika jarida la Nature: madoa yale yana madini ambayo hapa duniani mara nyingi hutokea pale vijidudu vilipofanya kazi. Mara nyingi, siyo kila mara. Hakuna aliyetangaza kwamba uhai umepatikana, na sampuli ya jiwe hilo bado iko hukohuko, haijafika maabara yoyote ya duniani.

Na kwa nini wanasayansi wanasita hivyo? Jibu la sehemu lilianguka kwetu Tanzania. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilidondoka Ivuna, huko Songwe karibu na Ziwa Rukwa. Kidogo tu, hakifiki kilo moja, lakini ni cha aina adimu sana kiasi kwamba kundi zima la vimondo duniani linaitwa kwa jina la Ivuna. (Nani hapa alifundishwa hilo sekondari? Mimi sikufundishwa.) Mwaka 1961 George Claus na Bartholomew Nagy walitangaza kwamba ndani ya kimondo hicho, na kingine cha Orgueil kilichoanguka Ufaransa, wameona vitu kama visukuku vya viumbe vidogo. Kelele zikawa kubwa. Wengine wakachunguza tena wakakuta vingi ni chembe za madini, na vingine uchafu wa hapahapa duniani, chavua za maua zikiwemo.

Umeelewa? Chavua kidogo tu kwenye kijiwe ilitosha kuwagombanisha maprofesa. Halafu wewe unataka kumwaga vijidudu vya dunia kwenye sayari nzima! Baada ya hapo swali la yule mtoto halijibiki milele.

Msiseme nakuza mambo, sisi watu wa Ziwa Victoria tumeshayaona. Ziwa lilikuwa na furu, visamaki vidogo, spishi zaidi ya 500, nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Wakubwa wa enzi za ukoloni wakawaona kama takataka, miba mitupu. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara wakaingizwa ziwani, upande wa Uganda na Kenya, ili wawageuze hao furu kuwa minofu. Kwa muda mambo yalionekana shwari. Miaka ya 1980 sangara wakalipuka, na spishi kama 200 za furu zinahofiwa kupotea, nyingine kabla hata hazijapewa jina. Kuna wanaosema uchafu wa mbolea na maji machafu ya miji ulichangia pia, ni kweli. Ila sangara hakuna anayemtetea kwa hilo.

Najua jibu la mshkaji: sangara alileta hela. Alileta kweli, na kuna wenzetu humu wamesomeshwa na minofu. Lakini alileta hela kwa sababu ziwa lilikuwa na maji na furu wa kumlisha. Mirihi atakula nini?

Upo Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 unaozitaka nchi zichunguze sayari bila kuzichafua kwa namna ya kudhuru, na serikali inawajibika hata kwa makampuni yake. Sasa mshkaji aniambie, hayo mabomu na hivyo vijidudu vyake vinapita kwenye kifungu gani?

Desemba nakwenda nyumbani. Mnyauko wa migomba ulioingia Kagera mwaka 2006 bado unatusumbua, kuna maua dume ya kukata kwa kijiti na mapanga ya kupitisha motoni kila baada ya shina. Wahandisi wanakaribishwa, matoke yapo.